Sukari Kwenye Pindo

Chai ilipofika mkekani kwetu, jirani yangu niliyesafiri naye kutoka Musoma alimshika mkono binti mwenye birika. "Huyu usimtilie hiyo," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na msiba mzima. "Ana sukari huyu. Mletee ya kwake, isiyo na kitu." Nikaletewa kikombe cha chai nyeusi, chungu. Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia magotini, mwanamke mzima mwenye mvi, mwalimu mstaafu, msibani kijiji cha Buswahili, udongo wa kaburi la Bhoke haujakauka. Wanawake wakanizunguka na kunipepea kwa vitambaa. Walidhani majonzi yamenipanda kichwani, na labda yalikuwa yamenipanda kweli. Lakini kilichonichekesha ni kwamba Bhoke, kama angekuwa hai pale mkekani, angempokonya jirani yangu lile birika na kumwambia maneno ya Kikurya ambayo sitayaandika hapa.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu. Mimi babu yangu namwacha apumzike. Mimi ni mtu wa Murangi, ukingoni mwa ziwa, na hiyo yatosha. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, mwaka wa unga wa njano wa msaada, mwaka ambao mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi na kila nyumba ikapata kipande cha kufulia nguo za Jumapili. Pamba ilikuwa imelala Bunda kwa sababu malori hayakuwa na matairi. Shule yetu ya sekondari ilikosa chakula, bweni likafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao. Sisi wasichana wa timu ya riadha tulibakizwa mjini Musoma, tukagawiwa kwa watu wenye moyo, kwa kuwa mchujo wa mkoa ulikuwa unakuja na mwalimu wetu hakutaka tupotelee vijijini. Mimi na Bhoke tukaangukia kwa Bi Zaituni, mpika vitumbua, na mumewe Mzee Sefu, fundi cherehani.

Chumba walichotupa kilikuwa uani. Zamani Bi Zaituni alikuwa akiwekamo mchele wa vitumbua, na harufu ya iliki ilikuwa bado imo ukutani ingawa mchele wenyewe ulikuwa umekwisha kitambo. Kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba, tukilala mzungu wa nne, na dirisha dogo lililotazama banda la kuku. Nyuma ya ukuta ndipo alipokaa Mzee Sefu na cherehani chake. Mwaka ule hakushona nguo mpya hata moja. Alikuwa anafumua suruali kuukuu za watu, anageuza kitambaa upande wa ndani ambao haujapauka, kisha anashona upya. Kila walichosema yeye na mkewe tulikisikia kana kwamba tumekaa nao. Mpaka leo nikisikia cherehani cha miguu, nasubiri mtu aseme neno la siri.

Bhoke alikuwa mrefu, mwili wote miguu, na hasira zake zilikuwa karibu. Kwao ni upande wa Bunda, wakulima wa pamba. Baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa watu wa Buswahili, wameshaingia zizini, wengine wameshazaa. Lakini kiwanda kimoja cha pamba kilikuwa kinaajiri wakimbiaji wa timu ya mkoa, na yule mzee alikuwa ametamka mbele ya ndugu zake kwamba binti akipata kazi, atarudisha ng'ombe wa watu. Akikosa, baada ya mavuno anakwenda kwa mume. Nafasi za wasichana wa mbio ndefu zilikuwa mbili. Bhoke hakuwahi kulia juu ya jambo hili. Alikuwa anakimbia tu, asubuhi na jioni, na ukimuuliza alikuwa anasema, "Mimi siendi kule. Nitaenda kiwandani, nitanunua redio."

Mbio alikuwa nazo. Ila hakuwa na breki. Alikuwa anatoka mwanzoni kama amefukuzwa na nyuki, halafu njiani anakwisha, wanampita hata watoto. Mimi sikuwa na mbio za kumshinda mtu, lakini nilikuwaga na mwendo usiobadilika. Mwalimu Marwa, mwalimu wetu wa michezo, akatuunganisha. "Nyangeta, wewe ndiye saa yake," aliniambia. "Mshike mpaka kilima cha mwisho, hapo mwachie. Akikutoka kabla ya hapo, ameolewa." Alisema hivyo hivyo, bila kupunguza, na Bhoke akacheka.

Ugonjwa ulikuwa umenianza mapema mwaka huo. Kiu ya kunywa ndoo, mkojo usiokwisha, nguo zikanining'inia mwilini. Kwetu walisema mengi kabla sijafikishwa hospitali. Huko nikapewa sindano ya kujichoma kila siku ya Mungu na amri mbili: usiguse kitu kitamu, na usikimbie. Ya kwanza ilikuwa rahisi, kwa sababu sukari yenyewe haikuwepo. Ya pili sikuiweza. Nilikuwa na umri ambao mtu akikuambia kaa chini utulie usife, unaona ameshakuzika. Nikarudi mazoezini kimya kimya, na wiki ileile nikaanguka kwenye mwinuko wa Buhare, jasho baridi linanitoka, najing'ata ulimi. Waliponipeleka hospitali tena, nilimkuta mganga kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniuliza nilikula nini kabla ya kukimbia. Nikamwambia sikula, niliogopa sukari isije ikapanda. Akashika kichwa.

"Sikiliza, dada," alisema. "Sindano inachota sukari kwenye damu yako. Ukikimbia, na misuli nayo inachota. Wachotaji wawili, mtungi mmoja. Siku ya kukimbia unapunguza sindano, unaongeza chakula, na hutoki nyumbani bila kitu kitamu cha kukuokoa. Umeelewa? Kitamu." Kisha akaniuliza nani ameniruhusu kukimbia. Nikasema hakuna. "Basi hata mimi sijakuruhusu," akasema, akainama akaendelea kuandika. Alinionyesha jinsi ya kupunguza na kiasi gani, na alinipa kichupa cha dawa ya buluu ya kupimia mkojo, akaniambia nikitunze kuliko nguo zangu.

Dawa ya sindano tuliiweka kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi wa maji, maana friji tulikuwa tunaisikia tu. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, likichemshwa kwenye kopo la maziwa. Na ile dawa ya buluu ilitakiwa kuchemshwa na matone ya mkojo, juu ya moto, kwenye jiko la Bi Zaituni. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Loo! Jiko la marehemu mama yangu, limepika pilau za maharusi, leo linapika mkojo!" Nikataka kuzima. "Nani kakwambia uzime? Pika, mwanangu. Ila hicho kikopo nikikiona karibu na sufuria zangu tutajuana." Baada ya siku chache yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. "Rangi gani leo?" Ikibaki buluu, hamna kitu mwilini, alinisukumia kiporo nikile palepale. Ikigeuka nyekundu ya matofali, alinuna kama ni yeye aliyekosea kupika. Ikitoka kijani, alikuwa akisema alhamdulillahi na kurudi kwenye moto wake.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza, sisi watatu, jikoni, kwa chakula kile kidogo kilichokuwepo. Ugali wa udaga, ule muhogo uliovundikwa, na furu, visamaki vya ziwani, ukiliwa mapema na kuachwa utulie, ulinibeba mbali. Unga wa njano ulinisumbua, ila wakati mwingine ndio uliokuwepo, ukila unamshukuru Mungu. Uji wa ulezi alfajiri. Na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi, ambavyo Bhoke aliletewa kutoka kwao Bunda kwenye kifuko. Nilijifunza kuweka kipande shavuni nikakitafuna polepole nikiwa mbioni, kabla ya mwinuko, kabla hata mwili haujaomba. Na nikirudi, hata nikiwa sina hamu, nilikuwa nakula tena, kwa sababu mwili uliokimbia unaendelea kudai. Mara moja nilipuuza, nikalala hivyo hivyo, asubuhi Bhoke akanikuta nimelowesha godoro zima kwa jasho nikiongea na watu wasiokuwepo.

Matobolwa yalikuwa ya kunizuia nisianguke. Nikishaanza kuanguka hayakufaa kitu, hapo ilitakiwa sukari yenyewe. Na jambo moja nililiona mwaka ule ambalo hata wazungu wa vitabu hawakuliweka mbele: kwangu mimi dalili ya kwanza haikuwa kutetemeka, ilikuwa matusi. Nikianza kumtukana Bhoke barabarani, kwamba anakimbia kama bata, kwamba baba yake mwizi wa ng'ombe, Bhoke alikuwa anajua. Na hapo ndipo nilipokataa kula. Nilikuwa nafunga meno. Kwa hiyo sukari haikufaa kukaa kwangu. Bi Zaituni alikuwa na kawaida ya wanawake wote wa mtaa ule, kufunga vitu kwenye pindo la khanga: funguo, iliki, senti, kipande cha udi. Alituambia anaona aibu kutoka nje na pindo tupu. Basi akachana pindo la khanga kuukuu, akafunga humo sukari kutoka kwenye kopo lake, akalizungusha fundo kwenye kifundo cha mkono wa Bhoke. Tangu siku hiyo nikianza matusi, Bhoke alinibana pua, mdomo ukifunguka ananimwagia. "Meza, mbwa wewe," aliniambia. Nami nilikuwa nameza, na baada ya muda mfupi namwomba radhi, naye anasema, "Maneno ya mgonjwa. Twende, tumechelewa." Sikuwahi kupendwa namna ile na mtu ambaye hakunizaa, na nasema hivi nikiwa nimeolewa mara moja na kulea wanafunzi wengi.

Kisha msako ukaja. Tulikuwa tumeuzoea upungufu, lakini sasa ilikuwa hofu. Yeyote aliyekutwa na bidhaa ndani zaidi ya matumizi yake alikuwa mlanguzi, na matumizi yako aliyapima mgambo kwa macho yake. Nyuma ya ukuta cherehani kilisimama, nikamsikia Mzee Sefu. "Wamemchukua mwenye duka la kona. Sukari chini ya kitanda." Bi Zaituni akauliza wamempeleka wapi. Alfajiri iliyofuata, tukikimbia kandokando ya ziwa upande wa Mwigobero, tulikuta magunia matupu yanaelea. Wenye maduka walikuwa wameamka gizani wakaimwaga sukari yao ziwani kuliko kukutwa nayo. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti wanakwangua mchanga pale gunia lilipopasuka, wanatia kwenye sufuria, mchanga na kila kitu. Nikainama nikachota maji kwa kiganja nikaonja. Yalikuwa maji tu. Bhoke akaniambia twende, tusimame hapo tunatafuta nini.

Siku hiyo hiyo mchana niliwasikia wakibishana. "Lile kopo mwaga," alisema Mzee Sefu. "Nimwage dawa ya mtoto?" "Si mtoto wako, Zaituni." Halafu nikasikia, kwa sauti ndogo ambayo Bi Zaituni hakuwaga nayo: "Tangu lini?" Mzee Sefu akaanza kuzungusha cherehani, na neno la kumwaga halikurudi tena. Lile kopo lilihamia bandani, chini ya kuku anayeatamia, kuku mkali, na mgambo walipopita nyumba kwa nyumba walichungulia jikoni, wakainua godoro letu, wakaondoka na kipande cha sabuni.

Siku ya mchujo Bi Zaituni alifunga yote iliyobaki. Mbio zilikuwa ndefu kuliko tulizozizoea, kutoka Makutano, pale njia inapochepuka kutoka barabara kuu, mpaka Butiama, na alihofu fundo dogo halitatosha. Likawa fundo nene, linaonekana mkononi mwa Bhoke kama yai. Nikanywa uji wa ulezi, nikapunguza sindano kama nilivyofundishwa, nikapima, kijani. Tukapanda lori na wasichana wa shule nyingine. Kabla ya Makutano kulikuwa na kizuizi, gogo limelazwa barabarani. Mgambo mmoja, kijana, sweta limetoboka viwiko, akapanda akaanza kupekua vikapu. Akaona mkono wa Bhoke.

"Hii nini?"

"Dawa," akasema Bhoke.

Akalifungua kidogo, akatia kidole, akalamba. "Dawa tamu hii. Umeitoa wapi?"

Mwalimu Marwa akaja mbio kutoka mbele ya lori. Akaeleza kwa adabu zote, kofia mkononi, kwamba ni ya huyu binti mwingine, Nyangeta, ana ugonjwa wa sukari, akikimbia bila hiyo anaanguka. Yule mgambo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita wenzake. "Jamani njooni msikie! Mgonjwa wa sukari anatibiwa kwa sukari! Na mwenye malaria mnampa nini, mbu?" Lori zima likacheka. Hata wasichana wa shule yetu, waliokuwa wanakula nasi, niliona wanaficha midomo. Ilikuwa inachekesha, nakubali, mimi mwenyewe ningecheka kama ningekuwa na damu nyingine. Mwalimu akaomba aachiwe hata chembe kidogo. Akaambiwa akiendelea atabaki pale pale yeye na dawa yake. Fundo likaenda, kitambaa na kila kitu.

Pale Makutano Bhoke alinivuta kando. "Usikimbie," alisema.

"Nani atakushika breki?"

"Nitajishika."

"Hujawahi kujishika siku moja, Bhoke."

Akafungua kifuko akanipa matobolwa yote, hakubakiza. "Basi utafune tangu sasa. Na nikifika juu ya kile kilima cha mwisho nitageuka. Unyooshe mkono nikuone." Nikamwambia sawa. Wapo walioniambia baadaye kwamba ningekaa tu. Sijutii, na sitaki mtu anisaidie kujuta. Asingefika hata nusu bila mimi, na nusu ile ndiyo ilikuwa maisha yake.

Nilimshika. Haki ya Mungu nilimshika vizuri siku ile. Wenzetu walitutoka mwanzoni, akawa anahema kwa hasira pembeni yangu kama ndama aliyefungwa, nami nikawa nasema, "Bado. Bado." Tukapita mashamba ya pamba, watoto wakatukimbilia wakachoka wakabaki. Tukaanza kuwaokota mmoja mmoja wale waliotutangulia. Nilitafuna mpaka taya zikauma. Chini ya kilima cha mwisho mbele yetu walikuwa wamebaki wasichana wawili, nikamwambia, "Nenda." Loo, alivyokwenda! Niliona mabega yake yanawapita wale wawili kama wamesimama. Nikafurahi, na nyuma ya furaha hiyo ikaja hasira. Nilimkasirikia mwanamke aliyebeba kuni kando ya barabara, kwa nini amebeba kuni. Nikamtukana. Nikajua, akili moja ikajua kabisa, na akili nyingine ikasema lala kidogo hapa kwenye changarawe, ni pazuri.

Yaliyofuata nimeyakusanya kwa watu. Bhoke alifika juu ya kilima akiwa wa kwanza. Butiama ilikuwa inaonekana, watu waliokuwa wanangoja walikuwa wanaonekana. Akageuka kama alivyosema. Hakuona mkono. Akateremka, akapishana na wale aliowapita, wakadhani amechanganyikiwa. Mwanamke wa kuni alimwonyesha nilipolala. Hapo karibu palikuwa na nyumba moja, na Bhoke alisikia harufu ya gongo kutoka uani. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, nilipomrudia baada ya mavuno kumshukuru. Alisema aliingiwa na msichana mwenye namba kifuani, jasho tupu, anataka sukari guru. "Nikamwambia sina, mwanangu. Ningesemaje na msako ule? Akaniambia, mama, unapikia gongo nini, mawe? Toa, au napiga yowe hapa hapa mgambo waje. Nikatoa." Bhoke alikipokea kile kipande akakitia mdomoni mwake, akawa anakitafuna huku anakimbia kunirudia, kilainike.

Alipofika alinikuta nimepakatwa kichwa na afisa mmoja wa michezo aliyekuwa anafuata wakimbiaji kwa gari. Mtu mzima, mwenye huruma, alikuwa amenifunika koti lake. Na mtu alikuwa ameshamwambia: huyu ana sukari. Bhoke alipotoa ile rojo mdomoni ili anitie, yule afisa alimdaka kifundo cha mkono, akamshika kwa nguvu zote. "Unataka kumuua? Huyu hapewi kitu kitamu!" Bhoke akamwambia aachie. Hakuachia. Akamwambia tena. Hakuachia, alikuwa anaokoa maisha ya mtu. Basi Bhoke akamng'ata. Alimng'ata mpaka mfupa, nasikia. Kitu cha kwanza nilichokijua mimi ni harufu ya moshi na udongo ya sukari guru, kidole cha Bhoke shavuni mwangu, na mwanaume anayepiga kelele. Nikauliza, "Umeshinda?" Akasema, "Meza."

Timu ya mkoa iliwachukua wale wasichana wawili. Mwalimu Marwa alizunguka ofisi zote akieleza kwamba aliyestahili ni Bhoke, kila mtu alimwona juu ya kilima, na mwisho ikaelekea kama watamwongeza. Yule afisa hakuwa mtu wa visasi. Alikuja kwa Bi Zaituni mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, akakaa kwenye kiti cha wateja cha Mzee Sefu, akasema hataki makuu. Binti aseme mbele ya wenzake kwamba alikosea, aliingiwa na wazimu wa mbio, yaishe. Sote tukamgeukia Bhoke.

"Shikamoo mzee," alisema Bhoke. "Pole kwa mkono. Lakini sikukosea. Aliyekosea ni wewe."

"Sema tu neno moja, mwanangu, liishe," Bi Zaituni akambembeleza.

"Nikisema nilikosea, watu watajua sukari inamuua Nyangeta. Siku akianguka tena watamshika mkono anayempa."

Nilimsihi. Nilipiga magoti kwenye sakafu iliyojaa nyuzi, nikamwambia aseme, mimi nitajilinda, aseme kwa ajili ya redio, kwa ajili ya kiwanda. Hakunitazama. Yule afisa akasimama, akashukuru kwa chai isiyo na sukari, akaondoka, na nafasi ya Bhoke ikaondoka naye. Mzee Sefu alikaa na cherehani chake mpaka jioni bila kukizungusha.

Kaka yake alikuja kumchukua baada ya mavuno. Niliwasindikiza mpaka Bunda, nikitaka kufika nao nyumbani, nimwone baba yake, nimwambie. Pale stendi, kando ya marobota ya pamba, Bhoke akanizuia. "Usinifuate," alisema. "Rudi ukale." Akageuka, akatembea na lile begi lake la shule kichwani, na hakugeuka tena. Nilisimama pale na jua la mchana. Nilijua kukimbia na kula, lakini sikujua mtu afanye nini na maneno kama hayo. Nimeyabeba miaka yote hii. Rudi ukale. Niliyasikia kama mtu anayesema, maisha yangu umeshayala, basi nenda ukamalizie.

Niliandika, sikujibiwa. Miaka ikaja milango ya biashara ikafunguliwa, sukari ikarundikwa madukani mpaka nje barazani, ya rangi zote, kutoka nchi zote, na hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Nilinunua mfuko nikaenda nao Buswahili. Mumewe akaniambia amekwenda kwao. Nikamwachia ule mfuko, nikarudi. Nilisikia kwa watu kwamba anazaa, kwamba analima, kwamba habari za mbio hataki kuzisikia. Redio alikuja kununua mwanawe. Bi Zaituni na Mzee Sefu walikufa wakiuliza habari zake, nami sikuwa na habari ya kuwapa.

Basi nilipokwisha kucheka kule msibani, binti wa birika alinishika mkono akanipeleka ndani, chumbani kwa mama yake. Alikuwa ndiye kitinda mimba, mrefu, mwili wote miguu. Khanga za marehemu zilikuwa zimekunjwa juu ya kitanda, zinasubiri kugawiwa.

"Mama mkubwa, wewe ndiye Nyangeta?"

Nikasema ndiye mimi.

"Angalia." Akainua ya juu, akanionyesha pindo. Fundo. Akainua iliyofuata. Fundo. Na nyingine. "Zote ziko hivi. Alikuwaga akifua anafungua, akianua anafunga upya. Tulikuwaga tunamcheka. Hata siku sukari imeisha ndani, tunakunywa uji mkavu, ya pindoni hakuna kugusa. Mimi nilichapwa kwa kuilamba."

"Alikuwa nayo sukari mwilini?" niliuliza. "Alikuwa anaumwa?"

"Mama? Hakuumwaga kitu. Tulimuuliza ya nani hiyo. Akasema, yuko mtu wangu mmoja anapenda kukimbia, anaweza kuanguka hapa barabarani siku yoyote, na nyie wote hamna akili ya kumpa."

Nilikaa kwenye kitanda cha Bhoke. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Kisha nilichukua khanga ya juu nikajaribu kulifungua lile fundo, vidole vikakataa. Nikalifungua kwa meno. Sukari ilikuwa imeshikana, jiwe moja la rangi ya kitambaa. Nikarudi nalo mkekani, nikaomba chai yangu ile nyeusi, nikalitumbukiza.

"Weee!" Jirani yangu akanidaka mkono, akanishika kwa nguvu zote. "Unataka kufa?"

Nikamwonyesha meno. Akaniachia, nami nikanywa.